Chora mapengo kwanza

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani hapa Kihesa, Iringa. Kuchora nimejifunza mwenyewe, Jumapili mchana, kwenye karatasi zilezile ninazochorea vipimo vya nguo. Kwa miaka mingi nilichora nguzo za udongo za Isimila, zile ndefu zilizochongwa na mvua bondeni, na kila mara zilitoka kama chupa zilizopangwa dukani. Nilikuwa najua nguzo ni kitu kirefu kilichosimama, basi mkono ukachora ninachokijua. Macho hayakuulizwa.

Kilichonifungua ni sakafu yangu. Ukikata kipande cha mbele cha shati, kitambaa kinachoanguka chini kinabaki na mkunjo uleule wa kwapa, haupungui hata kidogo. Siku moja niliokota kipande kama hicho, nikakilaza juu ya karatasi, nikapitisha chaki pembeni yake. Kwapa lilitoka sahihi kuliko lolote nililowahi kukisia. Nikajiuliza: mabaki ya Isimila yako wapi? Yapo. Ni zile pande za anga zilizobanwa kati ya nguzo na nguzo.

Tangu siku hiyo naanza na mapengo. Fanya hivi.

Chukua boksi la sabuni, ukate kipande chenye dirisha katikati. Dirisha lifuate umbo la karatasi yako: kama karatasi ni sentimita 20 kwa 30, dirisha liwe 10 kwa 15. Gundisha nyuzi mbili zikatize katikati, moja wima na nyingine ya kulala. Karatasi nayo ikunje mara mbili upate robo nne, kisha ikunjue. Sasa nyoosha mkono wote, fumba jicho moja, utazame kupitia dirisha. Mkono usikunjike kiwiko, maana ukikunjika kila kipimo kinabadilika.

Chagua pengo moja tu, lile lenye kingo zinazoonekana vizuri. Linaanzia robo ipi? Linapanuka wapi, linabanwa wapi, ncha yake imeinamia upande gani? Chora umbo hilo na usilipe jina. Ukimaliza, hamia pengo la jirani. Usiguse nguzo. Mapengo matatu au manne yakishakaa mahali pake, utaziona nguzo zimesimama zenyewe katikati, na mbavu zake zilizochimbwa na mvua, na vile vichwa vyao vizito. Mara ya kwanza nilipoliona hilo nilikaa chini. Mtoto mmoja aliyekuwa amesimama nyuma yangu aliniuliza, “Shangazi, mbona unachora hewa?” Nikamwambia ndiyo mwanangu, nachora hewa, njoo uone.

Isimila ni kilomita 20 hivi kutoka mjini, barabara ya Mbeya, na si kila mtu ana nauli kila wiki. Nyumbani tumia kiti cha plastiki, au kigoda kilicholazwa ubavu. Miguu ya kiti ina mapengo magumu kuliko unavyodhani. Mapengo yakikataa kukutana, mara nyingi umesogea. Weka jiwe mbele ya kila kidole gumba cha mguu ili ukiinuka kunywa chai urudi palepale. Kivuli nacho hakikusubiri: weka alama za kingo zake mwanzoni kabisa, halafu usizibadilishe hata jua likisogea.

Baada ya maumbo, giza na mwanga. Finya macho mpaka kope zikaribie kugusana. Vitu vidogo vitapotea, yatabaki mabaka matatu: penye mwanga, pa kati na penye giza. Hayo matatu yanatosha. Hapa penseli ni nyembamba mno, tumia mkaa. Natengeneza wangu: vijiti vikavu vya mforosadi, unene wa kalamu, vimemenywa ganda, vimebanwa ndani ya kopo lenye mfuniko wa bati uliotobolewa tundu moja dogo. Kopo linakaa ndani ya makaa ya moto mpaka moshi wa tunduni ukome. Kisha liache lipoe kabisa kabla ya kufungua. Ukifungua likiwa na moto, hewa inaingia na vijiti vinageuka majivu.

Milima ya mbali usiipe mkaa mwingi. Hewa iliyo kati yako na mlima inaupausha. Mwezi wa tisa na wa kumi, mashamba yanapochomwa, vilima vya ng'ambo ya bonde karibu vinafutika. Mvua za kwanza zikishaosha hewa, vinasogea na kuwa na kingo. Mlima uleule unahitaji picha mbili.

Rangi natoa ardhini, na hapa ndipo ninapotumia muda wangu mwingi. Usichukue udongo Isimila, wala usiguse michoro myekundu ya mwambani kule Igeleke. Hayo ni ya kutunzwa. Udongo mzuri upo kwenye shimo la choo linalochimbwa mtaani. Ukaushe, uuponde, uchuje kwa kitambaa chepesi. Koroga kwenye maji mengi, hesabu mpaka 20, mchanga utakuwa umezama. Mimina yale maji yenye rangi kwenye chombo kingine, uyaache usiku kucha. Asubuhi mwaga maji ya juu, anika tope laini lililobaki, kisha lisage upya.

Ukipata udongo wa njano, gawa mafungu mawili. Fungu moja likaange kwenye kikaango kilichozeeka, juu ya mkaa, ukigeuzageuza. Joto linafukuza maji yaliyofungwa ndani ya madini ya chuma, na njano inageuka nyekundu mbele ya macho yako. Shimo moja linakupa rangi mbili. Nyeusi ni masizi.

Cha kushikia rangi ni kiini cha yai. Kitenganishe na ute, kitoboe, utupe ngozi yake, ongeza maji kijiko kimoja. Changanya na unga wa udongo sawa kwa sawa, upake siku hiyohiyo, tabaka nyembamba, juu ya ubao au kadibodi nene. Kwenye karatasi laini itapasuka ikikunjwa. Huko tumia gundi nyeupe ya mbao, sehemu moja kwa maji sehemu mbili.

Picha iliyoko ukutani kwangu sasa, juu ya cherehani, niliipaka mapengo tu. Anga yote kati ya nguzo ni udongo mwekundu wa kukaanga, tabaka tano. Nguzo zenyewe ni kadibodi tupu, sikuzigusa.