Miche ya alnasi ikiwa njano, usikimbilie yurea

Kila msimu wa vitalu nakuta kosa lile lile. Viriba vimejazwa udongo mweusi na samadi iliyooza, kivuli kipo, maji hayakosekani, ila miche ya alnasi imedumaa na majani yamekuwa njano. Mwenye kitalu anaona dawa ni yurea, ile mbolea ya dukani yenye naitrojeni nyingi, na hapo ndipo anapoharibu kabisa.

Alnasi (Alnus acuminata) hupata naitrojeni ya hewani kupitia vijidudu vya udongoni viitwavyo Frankia, vinavyoingia mizizini na kujenga vinundu. Asili ya mti huu ni milima ya Amerika, kuanzia Mexico hadi kaskazini mwa Argentina. Shamba la Kigezi (Uganda), Rwanda, Burundi au Kivu (Kongo) ambalo halijawahi kuota alnasi mara nyingi halina vijidudu hivyo vya kutosha. Udongo wa chini ya mkaratusi hausaidii, hata uwe mweusi namna gani, na vijidudu vya maharage si hivi.

Kuvipata vijidudu vya alnasi, chukua udongo chini ya alnasi iliyokomaa, yenye afya. Hakikisha mti ndio wenyewe: jani lina ncha iliyochongoka, ndiyo maana ya hilo jina acuminata, na matawini hubaki vikoni vidogo vyeusi. Ondoa majani makavu, chimba mita 1 hadi 2 kutoka shinani, kina cha sentimita 5 hadi 20, penye mizizi myembamba. Ndoo 1 ya udongo huo changanya na ndoo 9 za udongo wa viriba. Funika kwa gunia bichi, utumie siku hiyo hiyo. Kuna wanaouanika juani kutwa nzima eti uchekecheke vizuri! Vijidudu vingi vinafia hapo, na safari yote ya kuubeba imekuwa bure.

Viriba vimeshajazwa? Fukua vinundu vibichi, vile vishada vya kahawia vyenye vidole vidole mizizini. Osha, twanga konzi moja, koroga kwenye lita 5 za maji safi, chuja. Mche ukiwa na majani 2 hadi 4, mwagia kijiko kimoja cha chakula shinani, jioni, udongo ukiwa na unyevu.

Yurea iacheni. Naitrojeni ikizidi kwenye kiriba, mzizi haujengi vinundu. Mche utakuwa kijani kwa muda, kisha utageuka njano tena, na ukishafika kwenye kingo za matuta hakuna atakayeufuata huko na mbolea.

Mbegu ni ndogo mno, kilo moja ina zaidi ya milioni 1. Zifunike kwa mchanga laini wa milimita 2 tu, na zile za mwaka jana zilizokaa jikoni msinunue.

Wiki ya 8 chana kiriba kimoja: ukiona vinundu, mambo ni mazuri. Usipoviona, rudia kumwagia, na miche isitoke kitaluni kwanza.