Unaimba Bongo Fleva halafu TV wanataka uimbe opera? Pitia hapa kwanza

Ikitokea prodyuza wa kipindi cha TV kakupigia, anataka wewe wa Bongo Fleva uimbe opera (ile michezo ya jukwaani inayoimbwa kwa sauti iliyofunzwa) ili vijana wenzako nao waionje, usikatae ila usikurupuke pia. Uingereza walishafanya hii, ITV walikuwa na kipindi kinaitwa Popstar to Operastar, 2010 na 2011, wasanii wa pop wanakabidhiwa kwa mwimbaji wa opera mwenyewe Rolando Villazón na Katherine Jenkins wa nyimbo za klasiki, kila wiki wimbo mpya, msimu wa kwanza akabeba Darius Campbell wa pili Joe McElderry. Sasa hapo kwenye kila wiki ndo pa kuogopa, watu wa opera wanasomea sauti miaka na miaka we unapewa siku saba. Kwahiyo kabla hujasaini chochote omba muda, hata mwezi na nusu kwa wimbo mmoja, wakigoma jua wanatafuta kichekesho.

Wimbo sasa. Najua unaitaka Nessun dorma ya kwenye opera ya Puccini, kila mtu anaitaka tangu Pavarotti, yule mwimbaji wa opera wa Italia, aivumishe Kombe la Dunia la 1990. Achana nayo bwana. Pale mwisho kuna noti ya "si" (ti) ya juu ambayo Puccini kaiandika fupi tu, ila matena (wanaume wa sauti ya juu) wamewazoesha watu kuivuta, kwahiyo ukiikata fupi wanasema umeshindwa na ukiivuta bila mazoezi koo linapasuka laivu mbele ya mama yako mzazi. Watu hupenda kumtaja Aretha Franklin, yule mwimbaji wa soul wa Marekani, kwamba aliiimba kwenye tuzo za Grammy 1998 kwa kuombwa ghafla kisa Pavarotti anaumwa koo, sawa, ila wanasahau alikuwa ameshaiimba siku chache kabla kwenye shughuli nyingine, na kakulia anaimba kanisani. Wewe anza na Caro mio ben. Kusema kweli sio opera, ni wimbo wa karne ya 18 ambao wanafunzi wa sauti wengi ndo wanaanzia, mfupi, taratibu, haupandi sana. Dada mwenye sauti nzito achukue Habanera ya kwenye Carmen ya Bizet, ya 1875, hiyo ina madoido na inaruhusu kujishebedua kidogo.

Mwalimu usimtafute Dar. Hapa Mbeya ukianzia Mwanjelwa mpaka Uyole, ukiteremka Tukuyu kwa Wamoravian, ukienda Iringa kwa Walutheri na Wakatoliki, walimu wa kwaya wapo kibao na wengi solfa (noti za do re mi) wanaijua kama jina lao. Mwambie akuandikie wimbo kwa d r m, sio lazima uanze kuhangaika na ile mistari mitano ya noti. Na kama kwaya yenu imewahi kuimba Haleluya ya Handel basi hujaanza sifuri, yule mzee kaandika opera zaidi ya arobaini.

Mazoezi yenyewe ni pumzi kwanza. Lala chali kwenye mkeka, weka daftari kubwa juu ya tumbo, vuta hewa mpaka daftari lipande (mabega yatulie), halafu itoe kwa "ssss" nyembamba isiyoyumba huku daftari linashuka polepole. Likianguka ghafla umeachia pumzi yote kwa mkupuo na ndo hivohivo utaishiwa katikati ya mstari. Fanya asubuhi na jioni. Juni na Julai huku kwetu baridi na vumbi vinakausha koo, pasha sauti ndani kwa kuhamu mdomo umefumba, usitoke kitandani moja kwa moja kwenye noti za juu.

Kwenye lugha tuna bahati, a e i o u za Kiitaliano zinakaribiana sana na zetu, Mwingereza anazihangaikia sana hizo. Shida yetu iko mwisho wa neno. "Caro mio ben, credimi almen" unatamka karo mio ben, kredimi almen, na mtu wa huku atakuambia beni, almeni. Vuta "e" muda wote, "n" iguse mwishoni kabisa kisha funga. Na wale ndugu zangu ambao l na r kwao ni kitu kimoja, naomba isiwe kalo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuigiza sauti ya opera, ile ya kumeza ulimi na kutikisa taya. Mtetemo wa sauti unakuja wenyewe pumzi ikitulia na koo likilegea. Imba kwa sauti yako iliyo wazi tu, watu wataielewa.

Siku ya kurekodi mfuate fundi mitambo mapema, mwambie Auto-Tune azime kabisa maana inanyoosha ule mtetemo inaua kila kitu. Waimba opera wamezoea kujaza ukumbi bila maiki, wewe utapewa maiki, sasa usiimeze kama unachana mistari, kwenye noti kubwa isogeze mbali. Prodyuza akitaka kuweka biti chini yake kataa kistaarabu, kijana anayetaka biti anazo nyingi tu. Badala yake mdai maneno ya Kiswahili yapite chini ya skrini, na kabla hujaanza upewe sekunde ishirini za kueleza nani anamlilia nani na kwanini.