Mkopo wa asilimia 2 wa halmashauri: hesabu ambazo kikundi cha watu wenye ulemavu kizimalize kabla ya kusaini

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa kinaitaka kila halmashauri ya Tanzania Bara itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji ulisitishwa Aprili 2023 kwa sababu ya vikundi hewa na marejesho yaliyokwama, ukarejea mwaka 2024 kwa kanuni kali zaidi. Fedha hii si ruzuku. Kikundi kisichorejesha hudaiwa, na wanachama wake wote hudaiwa.

Vikundi vingi vinavyoshindwa havishindwi kwa uvivu wala kwa kukosa soko. Vinashindwa kwa sababu andiko la mradi, yaani maelezo ya biashara na hesabu zake yanayoambatana na ombi, limeficha gharama za ulemavu wenyewe: nauli ya bajaji, mkalimani wa lugha ya alama, msaidizi, mafuta ya kukinga ngozi. Watu huona aibu kuziandika, wakidhani kamati inayopitisha mikopo itawaona mzigo. Zisipoandikwa hazitoweki, ila hutolewa kimyakimya kwenye fedha ya rejesho.

Anza kwa kujua fungu lina kiasi gani. Muulize afisa maendeleo ya jamii wa kata kiasi kilichokusanywa, maana bajeti ni matarajio tu. Halmashauri iliyokusanya shilingi bilioni 1.5 za mapato ya ndani yanayohesabika kwenye mikopo ina milioni 30 za asilimia 2 kwa mwaka mzima, ukiongeza marejesho ya vikundi vya nyuma kama yapo. Hapo kikundi kinachoomba milioni 25 kinaomba karibu fungu lote, na kitakatwa hata kama andiko lake ni zuri. Angalia pia kalenda: mapato ya halmashauri hayaingii sawasawa mwaka mzima, hasa zile zinazotegemea ushuru wa mazao, kwa hiyo fedha inaweza kutoka miezi kadhaa baada ya kupitishwa. Profoma (karatasi ya bei kutoka dukani kabla ya kununua) uliyoichukua Machi huenda isifanye kazi Septemba.

Karatasi ni zile za kawaida: katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa wenye saini za wote, namba za NIDA, cheti cha usajili wa kikundi, akaunti ya benki ya kikundi, andiko la mradi, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Uthibitisho wa ulemavu uanze mapema, kwa afisa ustawi wa jamii na daktari, kwa sababu ndio huchelewesha wengi. Jambo jingine linalokwamisha ni benki. Mtia saini asiyeona au asiyeweza kushika kalamu hutumia dole gumba, na kuna matawi yanayodai shahidi au fomu ya ziada. Ulizeni kabla hamjachagua watia saini, msije mkabadilisha muhtasari mara mbili. Na mtu asiye mwanachama akija kuwaomba majina yenu "awasaidie kupata mkopo", mkataeni. Yeye ataondoka na fedha, deni litabaki kwa wenye majina.

Sasa hesabu. Tuchukue kikundi cha watu watano wanaoshona sare za shule: wawili ni viziwi, wawili wana ulemavu wa miguu, mmoja ana ualbino. Bei hizi ni za mfano. Za kwenu zitoke kwenye profoma za maduka matatu.

Vyerehani vitatu vya kawaida, 350,000 kila kimoja: 1,050,000
Cherehani kimoja chenye mota: 550,000
Overloki (mashine ya kumalizia kingo za kitambaa): 900,000
Vitambaa na vifungo vya sare 90, 12,000 kila moja: 1,080,000
Pango la miezi sita: 480,000
Meza ya kukatia ya kimo cha chini na mteremko mlangoni: 240,000
Dharura: 200,000
Jumla: 4,500,000

Hicho chenye mota si anasa. Cherehani cha kukanyaga hakimfai mtu ambaye miguu yake haina nguvu. Mota ikiwa na kikanyagio kinachohamishika, kikanyagio hicho huwekwa juu ya meza kikabonyezwa kwa kiwiko. Kama umeme wa kwenu unakatika ovyo, mpangieni mwanachama huyo kazi za kukata na kuweka vifungo kwa siku hizo, na mliandike hilo kwenye andiko. Kamati hupenda kuona mmewaza.

Tuseme sare moja inauzwa 22,000, faida ghafi ni 10,000, na mwezi wa kawaida mnauza 90. Hiyo ni 900,000. Matumizi ya mwezi: pango 80,000 (lililolipwa mbele nalo litengeeni akiba kila mwezi), umeme 40,000, matengenezo 20,000, posho za watu watano 300,000, bajaji ya wanachama wawili kwa 3,000 kila mmoja kwa siku, siku 24, ni 144,000, na mkalimani siku mbili za vikao na wateja wakubwa, 60,000. Jumla 644,000. Mnabaki na 256,000.

Mkataba ukiwapa miezi 24, mitatu ya mwanzo ikiwa ya kujipanga, rejesho ni 4,500,000 kugawa kwa 21, yaani kama 214,300 kwa mwezi. Linalipika, ingawa kwa kubana. Sasa ondoeni bajaji na mkalimani kwenye karatasi, kama wengi wanavyofanya. Salio linaonekana 460,000, mnaahidi kurejesha 400,000 ili muonekane hodari, na kuanzia mwezi wa kwanza wa marejesho mnapungukiwa 144,000. Ni nauli ya bajaji ileile.

Baki ya elfu arobaini na kitu si ya kugawana. Humo ndimo mtakamoanzia kulipa leseni na kodi. Kiasi chake kiulizeni ofisi ya biashara ya halmashauri na TRA kabla ya kujaza andiko. Sare hutoka sana kuelekea Januari shule zinapofunguliwa, kisha soko hulala. Ziada ya msimu iwekwe kando ilipie miezi miwili au mitatu ya rejesho. Fedha za TASAF za kaya ya mwanachama msizihesabu kama mapato ya kikundi hata kidogo. Hizo ni za chakula na shule.

Fedha ikiingia, lipeni maduka moja kwa moja kutoka benki na mtunze risiti za EFD (mashine ya risiti za kodi). Kila ununuzi nje ya andiko uwe na muhtasari. Marejesho lipeni kwa kumbukumbu namba ya malipo ya serikali (control number) tu. Afisa akiwaambia mtume kwenye simu yake "kwa sababu mtandao uko chini", subirini mtandao. Malipo yasiyo na stakabadhi ya serikali hayatambuliki kwenye hesabu za halmashauri, na mdaiwa mnabaki ninyi. Daftari la fedha lisomwe kwa sauti kila kikao kwa asiyeona na litafsiriwe kwa viziwi, maana mwanachama asiyeelewa hesabu ndiye wa kwanza kushuku wizi.

Asiyetaka biashara ana njia nyingine: Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Kwa barua ya maombi, kuitaja kwa adabu hakudhuru.

Mkiona mwezi ujao hamtafikisha rejesho, andikeni barua kabla ya tarehe, si baada yake. Taja kilichotokea, ambatanisha nakala ya daftari la miezi mitatu, lipeni mlichonacho hata kama ni nusu, na mpendekeze ratiba mpya yenye tarakimu. Nakala yenye muhuri wa masjala ibaki kwenu.