Moto wa Shamba Ukiingia Msituni

Kaskazi ikikaza, Januari hadi Machi, ukisimama Jilore utaona moshi kila upande. Watu wanasafisha mashamba wakingojea masika. Mimi sina ugomvi na kusafisha. Nina ugomvi na moto unaoachwa utambae wenyewe hadi msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa pwani ya Kenya.

Msitu ambao haujakatwa hauwaki ovyo, maana chini kuna kivuli na nyasi hazipati jua. Ukikatwa muhugu au mbambakofi, pale unapobaki uwazi nyasi huota, kaskazi ikazikausha, na moto ukapata njia. Unaua miche kwanza. Ukirudi mwaka wa pili na wa tatu, mahali pa miti panabaki vichaka. Na mkata miti hutafuta miti mikubwa, ambayo mara nyingi ndiyo yenye mashimo wanamokaa nyuki.

Chota konzi mbili za majani yaliyooza chini ya mrihi, uyamwage juu ya gunia. Utaona mende wadogo, chungu, mchwa, pengine na kiwavi. Wote hao moto huwamaliza kwa dakika chache. Wafugaji wa vipepeo wa Gede, ambao mradi wao wa kuuza pupa (kiwavi aliyejifunga kabla ya kuwa kipepeo) ulianza 1993, wanalijua hili: viwavi wengi huchagua majani ya kula, na mmea wao ukitoweka, kipepeo naye haonekani tena.

Shambani hasara ni ileile. Majimoto, wale chungu wa mitini wanaokuuma ukipanda mkorosho au mnazi ndio wanaofukuza kunguni wanaofyonza matunda machanga hadi yakapukutika. Moto chini ya mti huunguza viota vyao. Mimi naona afadhali kuvumilia kuumwa.

Kwa hiyo mabua yatandaze kati ya mistari ya muhogo, usiyachome. Ukilazimika kuchoma, fanya marundo madogo katikati ya shamba, mbali na miti. Upande wa msitu palilia ukanda wa hatua sita hadi ubaki mchanga mtupu. Waambie majirani, ngojeni jioni upepo utulie, muwe na maji na matawi mabichi. Usiondoke mpaka uweze kutia mkono kwenye jivu.

Nguzo na fito zipande mwenyewe badala ya kuzikata msituni: mvinje hukua haraka katika mchanga wetu. Utengee kipande chake tu, kwa sababu majani yake huchelewa kuoza na chini yake mahindi hayafanyi vizuri.