Ukiingia kanisa la zamani la Uingereza, anza na kuta

Wadogo zangu wa Tabora mnaoenda kusoma Uingereza, mkifika msiishie London tu, tokeni mwende na vijijini, kule kuna makanisa ya parokia ya miaka 700, 800 na mengi mchana yako wazi, we unasukuma mlango unaingia. Ila ukiingia kichwakichwa utaona mabenchi na mawe, dakika tano ushatoka.

Mi naangalia kama fundi. Kwanza matao: nusu duara, ukuta mnene, vidirisha vidogo, hiyo ni kazi ya Wanormani, wale waliotoka Ufaransa wakaiteka Uingereza, kuanzia 1066 mpaka kama 1190 hivi. Tao likichongoka juu, jua limekuja baadaye. Na usishangae kukuta yote mawili kwenye jengo moja, walikuwa wanaongeza pesa ikipatikana, kama sisi tu, mwaka huu chumba, sebule Mungu akijalia.

Halafu kisima cha ubatizo, lile beseni kubwa la jiwe, mara nyingi liko karibu na mlango maana kwa ubatizo ndo unaingia kanisani. Hapa usikimbie. Inama upitishe kidole kwenye ukingo, ukikuta vitundu au jiwe limemeguka pande mbili zinazotazamana, ujue palikuwa na vyuma vya kufungia mfuniko. Mwaka 1236 askofu mkuu wa Canterbury aliagiza visima vifungwe kwa kufuli sababu watu walikuwa wanaiba yale maji wakafanyie uchawi! Kumbe wazungu nao, nilicheka peke yangu.

Vioo vya rangi kila mtu anaviona, sina la kuongeza, ila ukipata nauli nenda kanisa la Fairford, kule Gloucestershire, madirisha 28 ya kama mwaka 1500 bado yapo.

Mi nasisitiza chokaa. Karne ya 16 dini ilipobadilika, Ukatoliki ukapisha Uprotestanti, picha za ukutani zilipakwa chokaa, nyingi zikasahaulika humo. Kule Wenhaston, Suffolk, mwaka 1892 kwenye ukarabati mafundi walitupa nje mbao za kanisani zilizopakwa chokaa wakijua ni takataka, usiku mvua ikanyesha, chokaa ikaoshwa, asubuhi wakakuta picha ya Hukumu ya Mwisho, watu wanafufuka na mashetani wanasubiri. Kwa hiyo beba tochi, imulike ukutani kwa ubavu, sio kuuelekea ukuta moja kwa moja, mikwaruzo na alama za patasi zitajitokeza zenyewe.

Mazoezi fanyeni hapahapa kabla ya safari, nendeni Kwihara kwenye lile tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, anzeni na mlango.