Tagi za picha za kuuza: andika kile kiko kwa picha

Wapiga picha wa huku Kisumu na Nakuru picha wanapiga poa sana, shida inaanza wakifika kwa tagi, yale maneno mnunuzi anaandika akitafuta picha kwa saiti za kuuza picha, mtu anarusha tu Afrika, safari, jua, utamaduni, furaha, halafu anashangaa mbona picha inakaa tu na hakuna mtu ananunua.

Fanya hivi. Kabla uandike chochote fungua picha ijae skrini, uiangalie kama mtu hajawahi kukanyaga Dunga, ule ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu. Tuseme ni mama anaanika omena. Wewe unajua hiyo omena itaishia soko la Kibuye, lakini Kibuye haionekani kwa picha so isiingie. Kuna nini? Mwanamke mmoja, samaki wadogo, wavu, ufuo, ziwa. Anafanya nini? Anaanika. Hapo tayari uko na tagi zako za kwanza, na weka pia ni watu wangapi maana kuna wanunuzi wanatafuta hivyo.

Sasa majina. Omena weka, lakini kumbuka huyo samaki Watanzania wanamwita dagaa na Waganda wanamwita mukene, weka zote, na jina la kisayansi pia, Rastrineobola argentea, kwa sababu wahariri wa vitabu vya shule na majarida ya sayansi hutafuta hivyo. Tagi za kawaida andika kwa Kiingereza, mnunuzi wa Berlin hawezi kuandika "kuanika", ataandika "drying fish". Na hayo maneno mawili yaache pamoja, "drying" peke yake inaleta nguo kwa kamba na nywele za saluni.

Wanyama na ndege ndio watu huharibu kabisa. Flamingo si flamingo tu bwana, kuna mdogo mwenye mdomo mwekundu wa giza (Phoeniconaias minor) na mkubwa mwenye mdomo wa pinki na ncha nyeusi (Phoenicopterus roseus), angalia mdomo kwanza ndio uandike. Na kama ulipiga Ziwa Bogoria usiandike Ziwa Nakuru eti kwa sababu Nakuru inajulikana zaidi, huo ni uongo na mnunuzi akichapisha na jina la ziwa lingine aibu ni yake.

Idadi ya tagi: saiti ya Shutterstock inataka kuanzia 7 mpaka 50, ile ya Adobe Stock mwisho ni 49. Hiyo haimaanishi ujaze zote, 25 za ukweli zinatosha kabisa. Kwa Adobe mpangilio ni muhimu, zile 10 za kwanza ndizo zina uzito, so "omena" na "drying fish" ziende juu, "Africa" ikae chini huko. Tagi za hisia kama bidii au matumaini mbili tatu tu, na ziwe zinaonekana usoni.

Majina ya kampuni usiweke kwa picha ya biashara, yaani ile inaweza kutumika kwa matangazo. Boda imeandikwa jina la pikipiki ubavuni, ama jamaa amevaa jezi ya Gor Mahia? Futa nembo ama uipeleke kama picha ya habari (editorial, ile haiendi kwa matangazo), na huko Shutterstock wanataka maelezo yaanze na mji, nchi na tarehe. Huyo mama wa omena naye, kama hajasaini fomu ya ruhusa na uso unaonekana, ni ya habari tu, hata tagi ziwe safi aje.

Ukitumia Lightroom, ile programu ya kupanga na kuhariri picha, ukitoa (export) picha tagi zinakaa ndani ya faili yenyewe, saiti zinasoma hapo hapo hauandiki mara mbili. Lakini ukikopi kwa picha zote za asubuhi moja, pitia kila moja utoe "boat" pale hakuna boti. Ukimaliza, nenda kwa hiyo saiti utafute tagi zako tatu za juu, uone kama picha yako inafanana na zile zinatokea. Kama haifanani, badilisha kabla utume.