Vigingi viwili kwenye ufa wa mlima

Kwa tunaoishi au kulima kwenye miteremko ya Mlima Elgon, Uganda, katika wilaya za Bududa, Sironko na Bulambuli: ukiona ufa mrefu uliopinda kama mundu juu ya nyumba au shamba, usiukadirie kwa macho. Pigilia kigingi kimoja upande wa juu na kingine upande wa chini, kila kimoja hatua moja kutoka ufani, gongomea msumari kichwani, kisha pima umbali kati ya misumari kila asubuhi na uandike. Udongo wa mfinyanzi uliolowa huwa mzito na hupoteza mshiko, na kabla ya kuporomoka mara nyingi husogea polepole. Jicho halioni nusu sentimita, futi ya kupimia huiona. Umbali ukiongezeka siku mbili mfululizo, au upande wa chini ukishuka, hamisheni watoto na wazee siku hiyo hiyo, wala msingoje mvua ikatike. Vyombo vitafuata.

Nyufa ndogo za kiangazi zinazokatizana kama wavu ni ukavu tu.

Njia hii haisaidii pale tope linapotoka juu zaidi ya ufa, au linaposhuka na mkondo wa mto. Kijiji cha Nametsi, Bududa, kilifunikwa na maporomoko Machi 2010 baada ya mvua kubwa. Kwa hiyo mvua ikipiga mchana kutwa na mto ukageuka tope zito, au maji yake yakapungua ghafla, achaneni na vigingi, ondokeni kwenda pembeni, si kufuata bonde. Na mbuzi wafungwe mbali. Wakigusa kigingi, vipimo vyote vinaanza upya.